Tabora: kambi, bweni na daftari

Mtajie Tabora Mtanzania yeyote aliyekwenda shule, mambo mawili yatamjia kichwani haraka: embe na Tabora Boys. Akiwepo wa pili pembeni yake ataongeza asali. Ni nadra sana kumsikia mtu akitaja Chuo cha Uhazili. Mimi leo naomba nianzie hapo hapo pasipotajwa, kwa sababu naamini kile chuo kidogo cha makatibu mahsusi kinatuonyesha historia ya mji ule vizuri kuliko tunavyodhani.

Kwa wasiokifahamu: Chuo cha Uhazili Tabora kilikuwa chuo cha serikali cha bweni. Vijana waliomaliza shule, wengi wao wasichana, walitoka mikoa yote wakaja kuishi pamoja na kujifunza kupiga chapa, hatimkato, kutunza mafaili na taratibu za ofisi. Mwaka 2000 serikali ilipoanzisha Chuo cha Utumishi wa Umma kama wakala, chuo cha Tabora kikawa sehemu yake pamoja na kile cha Magogoni, Dar es Salaam. Jina likabadilika, lakini mpaka leo kuna watu wazima ukiwauliza walisoma wapi watakujibu kwa neno moja tu: Uhazili.

Shangazi yangu ni mmoja wao. Alipita pale mwanzoni mwa miaka ya 80, ile miaka ya foleni za sukari na sabuni ya kugawana vipande. Amestaafu sasa. Lakini katika ukoo wetu hakuna kikao cha harusi wala cha msiba kitakachofanyika bila yeye kukaa pembeni na daftari, mkono unakwenda, alama za ajabu ajabu zinajipanga kwenye mistari. Wajomba wakianza kubishana nani aliahidi ng'ombe na nani aliahidi gunia la mchele, anafungua ukurasa na kusoma. Ubishi unaisha. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kipaji. Nilipokua nikaelewa kwamba alifundishwa, na kwamba alifundishiwa Tabora.

Swali langu ni hili: kwa nini Tabora? Na kwa nini bweni?

Jibu rahisi ni reli. Tabora ni njia panda: treni ya Reli ya Kati ikifika pale unachagua, Kigoma au Mwanza. Reli kutoka Dar es Salaam iliingia Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Ukitaka kukusanya vijana wa nchi nzima mahali pamoja, palipo na njia panda panakufaa. Lakini reli nayo haikuchagua njia kwa bahati nasibu. Ilifuata, kwa sehemu kubwa, njia ambayo miguu ya watu ilikuwa imeshaitengeneza kwa miongo mingi kabla ya Mjerumani kupima ardhi. Kwa hiyo inabidi turudi nyuma kidogo, wadau.

Katikati ya karne ya 19 misafara iliondoka Bagamoyo na pwani ya jirani, ikapanda Usagara, ikapita Mpwapwa, ikavuka Ugogo kwa kulipa hongo kwa kila mtemi, ndipo ikafika Unyanyembe. Hapo palikuwa na makazi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili yaliyoitwa Kaze, jirani na himaya ya watemi wa Unyanyembe. Huo ndio mwanzo wa mji wa Tabora. Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Novemba 7, 1857, baada ya siku 134 njiani kutoka pwani. Miezi minne na nusu! Mbele yao kulikuwa na Ujiji na Ziwa Tanganyika, kaskazini Karagwe na Buganda, kusini magharibi Katanga.

Hakuna msafara uliofika Tabora na kuendelea siku hiyo hiyo. Wapagazi wa pwani walikuwa wamefikia mwisho wa mkataba wao, wengine wapya walitafutwa, mizigo ilifunguliwa na kufungwa upya, masika yalisubiriwa yapite. Watu walikaa wiki, hata miezi. Tabora ikawa mji wa watu wasio wa pale, waliokuja kwa shughuli, wakakaa kwa muda, wakaondoka. Sasa niambieni, hiyo si ndiyo maana ya mji wa vyuo?

Na kambi ya msafara ilikuwa na mpangilio wake. Msafara wa watu mia tano haukula kwenye sufuria moja. Wapagazi waligawanyika katika vikundi vidogo vya kupika na kula pamoja: huyu anatafuta kuni, huyu anachota maji, huyu anapika, huyu anajenga kibanda. Akiugua mmoja, wenzake wa chungu kimoja ndio waliojua kwanza. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi na joho lake jekundu, na kila kundi lilikuwa na mnyapara wake. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Huo ni mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake.

Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, na walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Hili tunalisahau mara nyingi, kwa sababu picha iliyobaki vichwani mwetu ni ya minyororo peke yake. Kwa kijana wa Unyamwezi safari ya pwani ilikuwa kipimo cha utu uzima. Burton mwenyewe aliandika kwamba watoto walianza kuzoea kubeba vipembe vidogo vya ndovu mabegani. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alikuwa ameona bahari, amejifunza Kiswahili, ana nguo, na anajua bei. Yule ambaye hajaenda alisubiri kidogo hata kuposa.

Nikisema anajua bei simaanishi kitu kidogo. Biashara ya njia ile ilihitaji akili. Nguo zilihesabiwa kwa mkono, kwa doti na kwa gora. Merikani ilikuwa na thamani yake, kaniki yake. Shanga ndiyo ilikuwa balaa: nyekundu inayogombewa nchi hii, ukivuka mto hakuna anayeitaka, na umebeba frasila mia. Anayekosea mtindo wa shanga anafilisika porini. Hamed bin Muhammed, tuliyezoea kumwita Tippu Tip, alianzia huko. Akiwa kijana wa miaka kama 18 alikwenda bara na baba yake, aliyekuwa na makazi Unyanyembe, akapewa mali akafanye biashara mbele. Katika maisha yake, aliyoyasimulia kwa Kiswahili, anaeleza jinsi wenzake walivyokimbilia pembe kubwa na yeye akanunua ndogo zilizokuwa rahisi, akapata faida nzuri. Nyuma ya watu kama yeye alisimama Taria Topan wa Zanzibar na matajiri wengine wa Kihindi, waliokopesha bidhaa leo na kusubiri pembe baada ya miaka. Mkopo, riba, hatari, soko, imani. Haya ni masomo yale yale yanayofundishwa leo kwenye vyuo vya biashara, tofauti ni kwamba wao mtihani wao ulikuwa Ugogo wakati wa kiangazi.

Sitaki kuipaka rangi njia ile. Ilipitisha pembe, na ilipitisha watu waliouzwa. Katika kambi moja walilala mpagazi mwenye mkataba, na mita chache kutoka kwake mwanamke aliyetekwa Manyema ambaye hana mkataba wowote. Na ilikuwa njia ya vita. Kuanzia mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya Ujiji kwa sababu ya mvutano na Waarabu wa Tabora juu ya hongo na mamlaka, na vita ile ilidumu miaka. Ukikuta mahali watu wageni wanaishi pamoja, usikimbilie kusema wanapendana. Uliza kwanza nani kaja kwa hiari, nani kaletwa, na nani anakula nini.

Sasa nimfikie mtu ambaye ndiye sababu ya makala hii. Anaitwa Jacob Wainwright.

Alikuwa Myao aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa baharini na meli za Waingereza, akapelekwa India na kusomeshwa katika shule ya bweni ya wamisionari huko Nasik, karibu na Bombay. Alisoma humo pamoja na watoto wengine wa Afrika Mashariki waliopatwa na masaibu kama yake. Mwaka 1872 Livingstone alikuwa amekaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, katika tembe ambalo hadi leo ni makumbusho, akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Walifika Agosti, 57 kwa hesabu, na Wainwright alikuwa mmoja wao. Wakaondoka kuelekea kusini.

Mei 1873 Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi tunayoiita Zambia leo. Wale wapagazi walibaki katika hali ngumu kuliko tunavyofikiri. Mzungu maarufu amekufa mikononi mwao, mbali na pwani. Masanduku yake yana vitu. Wakirudi, nani atawaamini? Nani atathibitisha kwamba hawakuiba, au kwamba hawakumuua? Viongozi wao, Susi na Chuma, wakawakusanya watu wote, masanduku yakafunguliwa mbele ya mashahidi, na Wainwright, aliyejua kuandika vizuri, akaambiwa aorodheshe kila kilichokuwamo. Kila kitu kiliandikwa wengine wakiangalia.

Someni tena sehemu hiyo. Hiyo ni kumbukumbu ya kikao. Ni hati ya makabidhiano. Watu wasio na cheo, porini, wametambua kwamba kinga yao pekee mbele ya wakubwa watakaowahoji ni daftari lililoandikwa mbele ya wote.

Wakauhifadhi mwili na kuubeba. Oktoba mwaka huo walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron wa Uingereza, ambaye aliwashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Cameron akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu, wao wakaendelea. Njiani, kukwepa vijiji vilivyoogopa maiti, waliufunga mwili ukaonekana kama mzigo wa kawaida wa nguo. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo. Wainwright akasafiri na jeneza hadi London, na Aprili 18, 1874 alikuwa miongoni mwa waliolibeba ndani ya kanisa la Westminster Abbey. Baadaye alirudi Afrika Mashariki, na alifariki Urambo mwaka 1892, mwendo mfupi tu kutoka Tabora.

Kuna jambo moja kuhusu yeye lisilonitoka akilini. Kabla ya kuondoka kwa Chitambo alichonga maandishi kwenye mti: jina la marehemu, tarehe, na majina ya viongozi wa msafara. Jina lake mwenyewe hakuliweka. Aliandika ya wengine. Mimi namwita katibu mahsusi wa kwanza wa njia ya Tabora.

Tukimwelewa Wainwright tunaelewa kambi na daftari zinahusianaje. Kambi inawafanya wageni waaminiane kiasi cha kubeba mzigo mmoja. Daftari linalinda imani hiyo ikifika mahali pa kuhojiwa. Ukiwa na kambi bila daftari, mwenye nguvu atasema chochote na hakuna wa kumbishia. Ukiwa na daftari bila kambi, unakuwa na karani ambaye haaminiki na mtu.

Waingereza walipotawala walileta bweni la aina nyingine. Mwaka 1925 walifungua Tabora shule ya serikali, na shabaha yake ya mwanzo ilikuwa watoto wa machifu. Ndiyo mwaka Gavana Donald Cameron (huyu si yule luteni) alipoingia Tanganyika na sera yake ya kutawala kupitia watawala wa jadi. Kwa hiyo shule ilikuwa kiwanda: huku anaingia mtoto wa mtemi, huku anatoka mtemi anayejua Kiingereza na hesabu za hazina.

Mwaka 1937 aliingia pale mtoto mmoja wa Chifu Burito wa Wazanaki, jina lake Kambarage. Walioandika maisha yake wanakumbusha kwamba alipinga upendeleo waliokuwa wakipewa viranja. Mimi hapo namwona mnyapara wa msafara amevaa kaptula ya shule. Bweni lile lilichanganya vijana wa makabila yote chini ya paa moja, na hapo hapo likawafundisha kwamba wapo wanaostahili zaidi. Kitendo kimoja, masomo mawili yanayopingana.

Nyerere alirudi Tabora mwaka 1946 kutoka Makerere, akafundisha St. Mary's mpaka 1949. Katika kipindi hicho aliwahi kufanya kazi ya kukagua bei madukani kwa niaba ya serikali, akaiacha alipoona taarifa zake za udanganyifu wa bei hazifanyiwi kazi. Yaani alishika daftari, akaandika ukweli, wakubwa wakalifungia kabatini. Januari 1958 alikuwa Tabora tena kwenye mkutano wa TANU ulioamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, uamuzi uliokigawa chama na kumfanya Zuberi Mtemvu ajitoe. Wajumbe walitoka kila pembe ya nchi. Tabora ilikuwa inafanya kazi yake ya siku zote.

Baada ya uhuru serikali ikalichukua lile wazo la bweni na kulitumia kwa makusudi. Kijana wa Kilimanjaro akapangiwa Songea, wa Mtwara akapangiwa Tabora, wa Bukoba akapangiwa Dodoma. Wengi wa wazazi wetu walikutana hivyo. Wapo kati yetu ambao tusingezaliwa bila hizo barua za kupangiwa shule. Lakini bweni si dawa ya kila ugonjwa. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu, watoto wa mabweni haya haya, waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere akawafukuza karibu 400, na siku hiyo hiyo akatangaza kujipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Alikuwa ameona kwamba kukaa pamoja kunaweza kuzaa taifa, na kunaweza kuzaa tabaka linalojiona limetolewa jasho na nchi wakati ni nchi iliyolilisha.

Hapa ndipo ninapotaka Chuo cha Uhazili kipewe kiti chake mezani.

Januari 1967 Rashidi Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais na mwenyewe aliyesoma Tabora, alitoa waraka wa kutaka shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwezi uliofuata likaja Azimio la Arusha, na mashirika ya umma yakaanza kuzaliwa moja baada ya jingine mpaka yakakaribia 400. Tumeandika sana juu ya itikadi ya mwaka ule. Ni wachache wanaojiuliza: nani alichapa? Kila shirika lilikuwa na mkurugenzi, na kila mkurugenzi alihitaji mtu wa kuyageuza maneno yake kuwa barua, waraka, dokezo na muhtasari wa kikao. Kwa Kiswahili, bila makosa, kwa nakala nne za karatasi ya kaboni. Ukikosea herufi moja unafuta nakala zote nne, au unaanza upya.

Serikali iliweka kiwango chake wazi. Kwa miaka mingi tangazo la kazi ya Katibu Mahsusi Daraja la Tatu lilidai kufaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 80 kwa dakika. Jaribu wewe leo. Washa redio, sikiliza taarifa ya habari, chukua kalamu. Mimi ni mwandishi wa habari, nina kinasa sauti, na bado natoka kwenye mikutano nikiwa nimekosa nusu ya maneno ya waziri.

Ila kasi ilikuwa nusu tu ya mafunzo. Ukimsikiliza shangazi, darasani walifundishwa mashine, na bwenini walifundishwa watu. Aliletwa na treni akiwa hajawahi kulala chumba kimoja na mtu asiye wa kabila lake. Akakuta Mgogo, Mnyakyusa, Mhaya, Mmakonde na Mpemba. Wenyeji wakawafundisha kuitikia mwangaluka asubuhi, na kula matobolwa na michembe mfuko wa nauli ulipokauka. Utani ukaanza wiki ya kwanza. Wasichana wa Kizaramo waliwaita Wanyamwezi wapagazi wao, Wanyamwezi wakawajibu kwamba waliobeba ndio waliojua njia. Hawakujua, au pengine walijua, kwamba utani huo ulizaliwa kwenye njia ile ile ya misafara, pale ambapo wageni walihitaji namna ya kutukanana bila kugombana na kuzikana bila kuwa ndugu.

Na kuna somo moja ambalo kwa maelezo yake lisingewezekana bila bweni: siri. Katibu anajua nani anahamishwa kabla mwenyewe hajajua. Anajua barua ya onyo ya nani iko kwenye faili la nani. Ukikaa chumba kimoja na watu kadhaa kwa miezi, utasikia wanayosema usingizini, utajua nani kaachwa na nani kafiwa, nani hana hata hela ya stempu. Utajifunza kunyamaza au utaishi peke yako katikati ya watu. Aliyenyamaza vizuri bwenini ndiye aliyefaa masjala ya siri.

Kwa nini basi hatuwakumbuki? Sababu moja ni kwamba wengi walikuwa wanawake, na tumezoea historia ya Tabora yenye kaptula. Sababu ya pili imo ndani ya kazi yenyewe. Chukua barua ya zamani ya ofisini, iliyochapwa kwa mashine. Angalia kumbukumbu namba. Mara nyingi utaona herufi kubwa za jina la mkubwa, mkwaju, halafu herufi mbili tatu ndogo. Hizo ndogo ndizo za mchapaji. Nyaraka zetu zimejaa herufi ndogo hizo, na hakuna aliyewahi kuziuliza majina. Wainwright hakujiandika kwenye mti. Hawa waliruhusiwa herufi mbili.

Nyakati zimebadilika, sikatai. Wakubwa wengi wanajichapia wenyewe kwenye simu. Cheo nacho kimebadilishwa jina, matangazo ya siku hizi yanasema Mwandishi Mwendesha Ofisi, wanataka stashahada na hatimkato ya maneno 100 kwa dakika. Nimelipenda hilo jina. Linatukumbusha kwamba yule mama wa mapokezi anayetuambia mkubwa yuko kikaoni, na sisi tunaomsubiri na vijidaftari vyetu, ni waandishi wote.

Kinachonisumbua ni bweni. Vyuo vyetu vinadahili wengi kuliko vitanda vilivyopo. Chuo nilichosoma mimi tulibebana, wawili kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, na waliokosa hata wa kuwabeba walipanga mageto mtaani na kuja darasani kama wageni. Boom likichelewa, aliye bwenini atapata kijiko cha mwenzake; aliye geto analala njaa na hakuna anayejua. Wenye vyuo wakizungumzia bajeti, malazi huwekwa kwenye fungu la huduma, kitu cha kupunguza hali ikiwa ngumu. Ukiisoma historia ya Tabora unaona kosa liko wapi. Kambi haikuwa huduma kwa msafara. Bila vile vikundi vya chungu kimoja, shehena isingefika.

Sisemi turudishe kila kitu. Bweni lilikuwa na minyapara, lilikuwa na upendeleo, na wapo walioteseka humo. Kufundisha watu kuishi pamoja hakuhitaji lazima kengele ya saa kumi na moja alfajiri. Lakini tukiamua kufuta bweni, basi tuseme kwa sauti kwamba tunafuta nusu ya mafunzo, na tueleze nusu hiyo itafundishwa wapi. Kwenye mtandao unaweza kujifunza hatimkato. Kumzoea Mpemba na Mnyakyusa mpaka ukajua ni lini anatania na ni lini ameumia, hapana.

Pale Kwihara kuna makumbusho ya mtu aliyekaa miezi akisubiri wapagazi. Wapagazi wenyewe hawana makumbusho, na makatibu hawana hata ubao wa majina. Hilo la pili tunaweza kulirekebisha bila kusubiri wizara, kwa sababu wengi wao bado wako hai, wana umri wa miaka sitini na sabini, wako Ipuli, Tandika, Mwanjelwa na Ngarenaro, wanashika madaftari ya vikoba na ya kamati za harusi. Mimi nimeanza na shangazi. Nimemwomba madaftari yake ya zamani, amenipa mawili. Sehemu kubwa siwezi kuisoma, ni hatimkato tupu, kwa hiyo Jumapili baada ya ibada tunakaa, yeye anasoma na mimi nachapa. Kama nawe una mama au shangazi aliyepita Uhazili, anza kwa kumuuliza alilala chumba namba ngapi na nani walikuwemo. Atakutajia wote, jina kwa jina.